Penye Mkunjo

Watu wa kwetu walisema mama aliugua kifua. Kila nikisikia hivyo nilikuwa nachemka. Kifua gani? Kifua si kikohozi, kitu cha kuchuliwa mafuta ukalala, asubuhi umepona? Mama alikatwa titi. La kushoto, lote, hospitalini Dar es Salaam, akarudi Dodoma kwa treni na bandeji iliyomzunguka mpaka mgongoni, na mkono ambao hakuweza kuuinua hata kuchana nywele. Lakini ukimwuliza jirani, ukimwuliza shangazi yangu, ukimwuliza baba mwenyewe aliyelala naye chumba kimoja, jibu ni lile lile: aliugua kifua, sasa hajambo, tunamshukuru Mungu.

Na kweli alikuwa hajambo. Kidonda kilifunga, hamu ya kula ilirudi, na sauti ya kutugombeza ilirudi kabla ya vyote. Kitu kimoja tu hakikurudi. Mama aliacha kuvua buibui.

Hapo inabidi nieleze, maana asiye wa kwetu anaweza kudhani ni ucha Mungu. Sisi ni Waislamu wa mjini, wa mitaa ya zamani karibu na soko, ambao mababu zetu walikuja na misafara ya biashara, wakaona bara panafaa, wakabaki. Kwetu mwanamke anavaa buibui akitoka. Akifika kwa wanawake wenzake analivua, analitundika msumarini, anakaa. Barabarani sote tulikuwa weusi tupu, mnene na mwembamba huwajui. Mbele ya wanawake ndipo mtu anapoonekana alivyo, na wanawake wa mtaa wetu, jamani, walikuwa na macho. Mama alilijua hilo. Wageni walipokuja kumpa pole walivua mabuibui yao wakakaa mkekani, na yeye mwenyeji, nyumbani kwake, uani kwake, akakaa amejifunga lake mpaka shingoni. Mwezi wa kumi, joto la Dodoma ambalo nguo inakauka hujamaliza kuianika, jasho linamtiririka hadi kidevuni.

“Mama, huoni joto?” nilimwuliza siku moja.

“Nasikia baridi.”

Baridi! Niliondoka pale nisije nikasema neno la kunipeleka motoni.

Ningeachana na habari hiyo, labda sote tungeizoea, kama dada yangu asingeposwa. Aliposwa na kijana wa watu wa Ihumwa, mpole kama yeye, na mipango ya harusi ikaanza. Kwa desturi yetu, alasiri ya siku moja kabla ya ndoa ni ya wanawake peke yao. Bibi harusi anapambwa, ngoma inapigwa, na katikati ya shughuli mama yake anatolewa uwanjani, anazungukwa, anachezwa mpaka achoke. Siku hiyo ni yake kuliko ya binti yake. Amezaa, amelea, sasa anatoa.

Mama alisema, “Siku hiyo mimi nitakuwa jikoni. Pilau haliwezi kuachiwa watoto.”

Dada alikuwa anachambua mchele. Hakuinua hata kichwa. “Mama asipotoka,” alisema, “na mimi sitoki.”

Mimi ndiye mkali wa nyumba ile, na maneno yangu hakuna aliyeyahesabu, kwa kuwa nilikuwa nayatoa kutwa. Dada alikuwa hasemi. Kwa hiyo akisema, imetoka. Mama alimtazama, akanitazama mimi, akaenda zake kuteka maji ambayo hayakuhitajika.

Juu ya hayo akaja shangazi na sare. Miaka ile ndiyo ya ruksa, serikali imefungua biashara. Nilipokuwa mdogo nguo ilikuwa ya foleni: zinafika kanga, watu wanapigana vikumbo, unachukua rangi iliyobaki na unashukuru. Sasa vitenge vilijaa madukani mpaka vikaning’inizwa nje barazani, unachagua hadi unachoka. Shangazi alichoka kwa niaba yetu. Alichagua kitenge cha zambarau chenye majani ya manjano, akaamua kwamba wanawake wote wa ukoo watavaa hicho, mshono mmoja, kama wanafunzi. Alikuwa dada mkubwa wa baba, na hakuwahi kukosa nafasi ya kutoa ushauri, hata asipoombwa.

“Kifua kibane, kiuno kibane, chini limwagike,” alisema, akijikata mwenyewe kwa viganja kuonyesha. “Na sare ni sare. Asiniletee mtu mtindo wake.”

Kifua kibane. Nilimtazama mama. Mama alikuwa anatazama chai yake.

Fundi wetu alikuwa na cherehani yake kwenye baraza la duka, barabara ya sokoni, na alikuwa ametushonea tangu sijazaliwa. Alikuwa mtu mwema. Lakini alikuwa na mazoea yake: anapitisha futi mwilini kwa haraka, bila kukugusa, na anavitaja vipimo kwa sauti kubwa ili mwenzake wa mashine ya pili aviandike. Kifua, kiuno, nyonga, bega, barabara nzima inasikia. Zamani mama alikuwa anacheka, anamwambia apunguze namba. Sasa alisema haendi. Nikamwambia tupeleke gauni lake la zamani liwe kipimo, kama watu wanavyofanya. Akasema gauni la zamani ni la mtu wa zamani.

Basi nikasema, “Nitakushonea mimi.”

Naona aibu hata kulisimulia. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, niko nyumbani nasubiri matokeo, na ujuzi wangu wote wa kushona ulikuwa ni kupachika kifungo. Mama alikuwa na cherehani ya mkono, ile ya kuzungusha, ambayo alishonea foronya na mapindo ya kanga. Foronya ni mstari, unakata kona, unamaliza. Gauni la kubana kifua ni kitu kingine kabisa. Lakini mdomo ulikwishatangulia, na mimi nikishasema sirudi nyuma hata kama mbele kuna shimo.

Kilichonipa kiburi ni bahasha. Kwenye mnada wa mitumba, muuzaji alikuwa amefungua robota la mapazia na mashuka, na kati ya mashuka ikadondoka bahasha kubwa yenye picha ya wanawake watatu wembamba wa Kizungu wamevaa gauni lile lile la shangazi. Kifua kimebana, kiuno kimebana, chini linamwagika. Ndani mlikuwa na karatasi laini sana, nyembamba kama ngozi ya kitunguu, zimekunjwa. Zilikuwa pateni, karatasi za kukatia nguo: kila kipande cha gauni kimechorwa kwa ukubwa wake, unakilaza juu ya kitambaa, unakata kwa kukifuata. Muuzaji alikuwa hajui ni nini.

“Chukua tu, dada,” alisema, “ukafungie karanga.”

Nilifika nyumbani nayo kama nimeokota hirizi. Fundi yeyote wa mjini alikuwa anakata kwa chaki na macho yake. Mimi sina chaki wala macho, lakini nina karatasi inayojua. Nilizitandaza uani nizisome. Sasa Dodoma na upepo wake unaijua? Zilipaa zote. Mkono mmoja wa gauni ulikwenda kukaa juu ya banda la kuku, mgongo ukavuka ukuta kwa jirani, na mimi nikabaki nimekalia kola, napiga kelele dada aje. Tulizikusanya zimechanika. Nikaenda kwenye nyumba iliyokuwa inajengwa mtaa wa Area D, nikaomba mifuko ya saruji iliyokwisha kazi, ile ya karatasi za tabaka tabaka. Tabaka la ndani lina vumbi la saruji, halifai. La katikati ni safi na gumu, halipeperuki ovyo. Nikazihamishia pateni huko kwa penseli, chumbani, mlango na dirisha vimefungwa, jasho linadondokea karatasi.

Vipande viwili vikubwa, cha mbele na cha nyuma, vilikuwa nusu nusu. Nusu ya kifua, nusu ya mgongo. Pembeni, kwa Kiingereza, waliandika uweke penye mkunjo. Nilikitafakari hicho mpaka nikaelewa: unakunja kitambaa, unalaza ile nusu ya karatasi kwenye ukingo wa mkunjo, unakata, na ukikunjua unakuta mtu mzima, kushoto na kulia. Nilifurahi sana. Nilimwita dada nimwonyeshe kwa gazeti. Akasema, “Kumbe unachora nusu ya mtu, nusu nyingine inajileta yenyewe.” Tukacheka wote wawili.

Shangazi alikuwa ametoa kitenge kinachotosha gauni moja tu kwa kila mtu, kwa hiyo nikaanza na shuka kuukuu. Kipimo cha kifua nilichukua kwenye gauni la mama la zamani, kwa siri. Na hapo ndipo nilipofanya kosa ambalo sidhani yule Mzungu aliyechora pateni alilifikiria. Kwetu nguo inaachiwa akiba. Fundi akikushonea bila kuacha kitambaa cha kutosha ndani ya mishono, siku ukinenepa, ukizaa, ukirithiwa na mdogo wako, utamlaani. Gauni lisilo na akiba ni la fundi mwizi. Basi mimi nikaweka akiba nzuri kila upande, ya mtoto wa watu waliolelewa vizuri. Kumbe ile karatasi ilikwishahesabu mishono humo humo. Nami nikashona kwa kufuata ukingo kama karatasi ilivyoelekeza, kidogo tu kutoka pembeni.

Kushona kwenyewe tulishona wawili. Kwenye cherehani ya mkono, mkono mmoja unazungusha na mmoja unaongoza kitambaa, na mimi nilihitaji yote miwili kuongoza, maana kitambaa kilikuwa kinakimbia kama mbuzi wa mnada. Mama akavuta kigoda, akakaa kulia kwangu, akashika mkono wa cherehani kwa mkono wake mzima. “Sema twende,” alisema. Nikasema twende, tukaenda. Nikasema simama, akawa amepitiliza. “Mama, nimesema simama!” “Umesema ukiwa umechelewa.” Tukagombana vizuri mpaka alasiri, na hilo peke yake lilikuwa jambo, kwa sababu tangu arudi hospitali watu walikuwa hawagombani naye.

Alikwenda chumbani kulivaa, akafunga mlango. Kisha mlango ukafunguliwa, akatoka.

Lilikuwa hema. Mabega yalimfika kwenye viwiko. Alilishika mbele kwa mkono wa kulia akalivuta, na kitambaa kikaendelea kuja. Alitazama chini, akanitazama mimi, na midomo yake ikaanza kutetemeka. Nilidhani analia.

“Mwanangu,” alisema, “hili ni langu peke yangu, au na wageni wa Ihumwa wataingia?”

Akacheka. Alicheka mpaka akakaa chini sakafuni ndani ya lile shuka, akafuta macho kwa pindo, akaanza upya. Dada akatoka jikoni mbio, akamwona, naye akakaa chini. Hatukuwa tumemsikia mama akicheka tangu aende Dar. Mimi nilijidai nimekasirika, kumbe nilikuwa nataka kulia kwa furaha. Ningeshona mahema mji mzima kwa kicheko kile.

Mara ya pili niliondoa akiba. Nikakata upya, kwa shuka lile lile, kwa kufuata karatasi kama inavyosema, penye mkunjo nikaweka penye mkunjo. Mama akazungusha, nikasema twende, nikasema simama. Akaenda kuvaa. Safari hii aliniita mimi peke yangu.

Bega la kulia lilikaa. Kiuno kilikaa. Titi la kulia lilikaa vizuri ndani ya vile vipindo vidogo vya kubana kifua, kama katika picha. Upande wa kushoto kitambaa kilikuwa kimesimama chenyewe, kimetuna, kina umbo, na ndani hamna kitu. Mama alikigusa kwa kidole. Kikabonyea, hakikurudi.

Aliondoa kidole. Alivaa buibui juu ya lile gauni na akatoka kwenda kuwasha moto.

Nilibaki chumbani na hasira ya kutafuta mtu wa kumpiga. Mama sina sababu ya kumkasirikia, madaktari walimwokoa, kwa hiyo nikaikasirikia karatasi. Niliiambia maneno, karatasi ya mfuko wa saruji! Nani kakuambia watu wote ni sawa pande mbili? Umemchora nusu, ukaijuaje nusu ya pili? Niliikanyaga hata. Halafu nikakaa kitandani nikaitazama, ile nusu ya kifua iliyokanyagwa, na hasira ikanitoka, nikaanza kufikiri.

Nilifikiri kwamba sote tulikuwa tunamfanyia mama hivyo hivyo. Tukisema aliugua kifua, tunamkunja. Tunachukua upande mmoja, ule mzima, tunataka upande wa pili ujilete wenyewe. Baba alifanya hivyo kwa upendo, shangazi kwa heshima, mimi kwa gauni. Na yeye akajifunika kwa sababu alijua kwamba siku tukimkunjua tutashtuka. Nilikuwa msichana mdogo na sikuyasema kwa maneno haya, lakini niliyaona, na moyo uliniuma kweli kweli.

Kesho yake nilimwendea jikoni. “Tunaweza kujaza,” nilisema. “Sufi, kama ya mto.”

“Nilijaribu,” alijibu bila kunitazama. “Nilitoa kwenye mto wangu, nikaifunga kwenye kitambaa. Nikiinua mkono inapanda kwapani. Sasa nichezwe uwanjani, lile tonge lije litokee shingoni, watu wacheke mpaka Ihumwa?” Akakoroga mboga. “Na hata isingehama. Nimechoka kubeba kitu cha kuwadanganya watu.”

“Basi nikupime,” nilisema. “Pande zote mbili. Nikate kila upande peke yake.”

“Hapana.”

“Mama, karatasi haijui, mpaka...”

“Nimesema hapana. Na usinisumbue.”

Baba alikuwa hajaliona kovu, nilijua. Dada alikuwa hajaona. Yeye mwenyewe, nilikuja kugundua, alikuwa hajaona. Alilijua kwa kupapasa tu akioga, kwenye giza la bafu letu la bati lisilo na dirisha, na kioo cha chumbani alikwishakigeuzia ukutani akisema kimefifia. Siku zikaenda. Shangazi alipita na gauni lake tayari, limebana kila mahali, akauliza la mama liko wapi. Nikasema linakuja. “Lije kwa mshono niliosema,” alisema. Dada hakuuliza, lakini nguo zake za harusi alikuwa hazijaribu, zimekaa kwenye sanduku kama zilivyoletwa, na kila mtu nyumbani alikuwa anaziona.

Ikawa asubuhi moja, baba ameenda dukani na dada sokoni, mama akaingia chumbani kwangu akafunga komeo.

“Leta karatasi yako,” alisema.

Nililaza kitandani karatasi nzima, pana, isiyokunjwa, nikapitisha mstari katikati kwa penseli. Aligeukia ukuta kwanza. Kisha akajigeuza akadondosha kanga mpaka kiunoni, akatazama juu ya kichwa changu, kwenye dari.

Niliona. Kulia titi la mama yangu, nililonyonya, lililochoka kidogo. Kushoto ubavu, bapa, ngozi imevutika, na mstari kutoka karibu na katikati kwenda mpaka kwapani, umeng’aa. Nilidhani nitaogopa. Sikuogopa. Niliona huruma kubwa, na nyuma yake kitu kama heshima, kwamba mtu amepita hapo na bado anatugombeza kuhusu chumvi.

“Wamenishona vibaya, eh?” aliuliza, macho bado yako juu.

“Wameshona vizuri, mama. Mshono umenyooka.”

“Umenyooka?”

“Kuliko wangu.”

Akakaza kanga kiunoni. “Ila hawakuacha akiba,” alisema.

Sikujua nicheke au nilie, nikafanya vyote, na futi ikanidondoka. Yeye akanyoosha mkono wa kulia akanishika kichwa, akakivuta kwenye ule upande mtupu, nikasikia moyo wake unadunda karibu sana, hakuna kitu katikati. “Haya, basi,” alisema. “Fanya kazi. Nasikia baridi, na leo ni ya kweli.”

Nilipima kulia, nikachora kulia. Nilipima kushoto, nikachora kushoto. Upande huu niliweka vile vipindo vya kubana, upande ule nikaviondoa vyote, nikaushusha mstari wa kwapa kidogo ili mkono upate nafasi ya kuinuka. Sikuwa na karatasi ya kuniambia. Nilikuwa nachora, nalaza juu yake, natazama, nafuta. Nilipomaliza nilikata na kuitandaza kitandani, kifua kizima, pande mbili zisizofanana.

Mama alijifunga kanga, akaja kusimama pembeni ya kitanda. Aliitazama ile karatasi muda mrefu. Akapitisha kidole upande wa kulia, unapopinda, kisha upande wa kushoto, ulionyooka. Akarudia. Tofauti ya mistari ile miwili ilikuwa upana wa vidole.

“Kumbe ni hapo tu?” alisema.

“Ni hapo tu, mama.”

“Mimi nilidhani...” Hakumaliza alichodhani. Alikaa kitandani kando ya karatasi yake. “Kumbe ni hapo tu,” alisema tena, na safari hii hakuwa ananiuliza.

Kitenge tulikikata mchana ule. Sikukikunja.

Siku ya wanawake ilifika, nyumba ikajaa tangu adhuhuri. Wageni wa Ihumwa walikuja wamepakiwa nyuma ya gari la mizigo, wanaimba. Mabuibui yalitundikwa kwenye misumari mpaka misumari ikaisha, yakarundikwa kitandani kwangu. Ua mzima ukawa zambarau na manjano, na shangazi katikati akikagua. Mama alikaa karibu na mlango wa jikoni. Alikuwa amelivaa gauni, mimi nilimfunga vifungo vya ubavuni mwenyewe. Na juu yake alikuwa amevaa buibui.

Sikumwambia kitu. Kwa mtu wa ulimi wangu hilo lilikuwa kama kufunga mwezi mzima. Dada alikuwa ndani, amepambwa, hajatoka. Watu walianza kuuliza mbona bibi harusi anachelewa, na mpambaji akachungulia mlangoni akatikisa kichwa. Ngoma ikabadilika, ikaja ile ya kumtoa mama. Walianza kuimba kumwita. Walimwita mara nyingi, wakigeuza shingo kumtafuta, na mimi nilikuwa nimesimama kando yake.

Mama alifungua buibui shingoni. Akalivua. Akanipa bila kunitazama.

Kila mwenye macho aliona, na nilikwishasema kuhusu macho ya mtaa wetu. Gauni lilimkaa sawasawa. Kulia lilipinda alipopinda, kushoto lilinyooka aliponyooka, halikuficha na halikudanganya. Waimbaji walipunguza sauti, sekunde hivi, watu wakavuta pumzi. Nilimtafuta shangazi kwa macho, kwa kuwa nilijua kama kuna atakayesema limekosewa mshono ni yeye, na niliapa akisema nitamjibu hapo hapo, heshima baadaye.

Shangazi alimtazama mama kutoka juu hadi chini. Macho yakamjaa machozi. Akaweka mkono mdomoni, nikadhani anajizuia, kumbe anapiga kigelegele. Alikipiga kirefu, akamshika mama mkono, ule wa kushoto, akamvuta uwanjani. Mlango wa ndani ukafunguka na dada akatoka, kwa ukimya wake uleule, wanja unamtiririka mashavuni, mpambaji nyuma yake analalamika.

Walimcheza mama mpaka vumbi likapanda. Alicheza na yeye. Alipochoka alikaa, wakamnyanyua tena. Shangazi alinipitia njiani akaniminya bega. “Hilo gauni umekata wewe?” aliuliza. “Langu yule fundi kaliharibu, siwezi hata kupiga chafya.” Mimi nilikuwa nimekumbatia buibui la mama wakati wote huo. Nilikuwa nangoja anitafute. Nilijua baada ya ngoma, baada ya wimbo huu, baada ya kula, atanyoosha mkono kulitaka, na nilikwishajiambia kwamba hata likiwa saa moja tu linatosha, nisiwe na tamaa.

Jua liliposhuka wageni wakaanza kuaga. Mama akawasindikiza hadi ukumbini, wakashikana kwenye maneno, akawasindikiza hadi mlango mkubwa, maneno hayakuisha, wakatoka nje. Nilitoka mbio nyuma yake. Alikuwa amesimama barabarani, mtandio kichwani na lile gauni la zambarau mwilini, anamweleza mama mkwe wa dada jinsi ya kuondoa harufu ya moshi kwenye pilau. Wanaume walikuwa wanarudi kutoka mjini. Baba alikuwa upande wa pili wa barabara na wenzake, amesimama, anamtazama mkewe, hasogei.

Nilimgusa kiwiko. Nikamnyooshea buibui.

Mama alilitazama lile furushi jeusi mikononi mwangu.

“La nani hilo?” aliuliza.

“Lako, mama.”

Alijitazama kifuani, kulia na kushoto. Kisha akanitazama mimi.

“Nishikie kwanza,” alisema, akaendelea na habari za pilau.